Bandeji za kisasa kwa vidonda vya miguu vya wenye kisukari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mgonjwa wa kisukari akija na kidonda cha mguu, mara nyingi yeye au ndugu anayemuuguza huwa tayari ana jina la bandeji kwenye simu, bandeji aliyoambiwa inaponya haraka. Nimefunga vidonda hivi kwa miaka mingi na kazi hii naipenda, kwa hiyo nitajibu kwa ukweli wote. Bandeji nzuri inasaidia sana, lakini sijawahi kuona ikiponya mguu ambao bado unakanyagiwa pale pale penye kidonda. Na majibu haya hayachukui nafasi ya mtaalamu atakayekiona kidonda chako kwa macho yake.

Kwa nini kidonda kidogo tu cha mguu kinachukuliwa kwa uzito hivyo?

Kwa sababu mwenye nacho mara nyingi hakisikii. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, kuanzia ncha za vidole kupanda juu, na mguu unakufa ganzi. Maumivu ndiyo yanayotufanya tuvue kiatu kinachobana, au tuchechemee ili mguu upumzike. Yakitoweka, mtu anatembea juu ya jeraha siku nzima kana kwamba hakuna kitu.

Mzee mmoja aliwahi kuniambia shida yake ni kwamba soksi ya mguu wa kulia inalowa. Nikageuza kiatu chake, nikapitisha kidole ndani, nikachomwa: msumari mdogo ulikuwa umetokeza kwenye soli. Tundu kwenye unyayo wake lilikuwa mahali pale pale. Alikuwa ametembea nao kwa siku kadhaa, na hakusikia lolote zaidi ya unyevu.

Ganzi haiji peke yake. Mishipa ya damu inasinyaa na kuziba, hivyo chakula na hewa ya kujenga nyama mpya havifiki vya kutosha. Ngozi inakosa jasho, inakauka na kupasuka. Vidole vinajikunja, mifupa inatokeza chini ya unyayo, na uzito wote wa mwili unaangukia mahali pamoja padogo. Inakadiriwa kuwa kati ya watu wenye kisukari, asilimia 19 hadi 34 watapata kidonda cha mguu wakati fulani maishani. Na katika miguu inayokatwa kwa sababu ya kisukari, takriban asilimia 85 ilianza na kidonda.

"Bandeji ya kisasa" ni nini hasa?

Ni kifuniko cha kidonda kilichotengenezwa ili kidhibiti unyevu. Shashi ya kawaida, ile wengi tunayoiita gozi, inafunika na kunyonya, basi. Majimaji yakiisha inakauka na kushikamana na nyama. Ukiivuta siku ya pili, unang'oa pamoja nayo ngozi changa iliyoota usiku kucha. Utaona vitone vya damu vikijitokeza kama umekwaruza. Mwenye ganzi hatapiga kelele, kwa hiyo hata anayembadilishia hajui kwamba amerudisha kazi nyuma.

Bandeji za kisasa zimeundwa zisishike kidonda, zibebe majimaji ya ziada, ziache unyevu wa kutosha, na zikae siku kadhaa bila kufunguliwa.

Lakini si kidonda kinatakiwa kiachwe wazi kikauke?

Imani hii ni ya zamani na watu wengi wameishi nayo. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alichapisha katika jarida la Nature majaribio aliyoyafanya kwa nguruwe. Majeraha mengine aliyaacha wazi yakajifanyia gaga, mengine akayafunika kwa karatasi nyembamba ya plastiki. Yaliyofunikwa na kubaki na unyevu yaliota ngozi mpya kwa kasi ya karibu mara 2. Sababu yake ni rahisi kuiona. Seli za ngozi husafiri kutoka ukingoni kwenda katikati, na juu ya nyama yenye unyevu zinateleza. Palipo na gaga kavu lazima zichimbe njia chini yake.

Unyevu, hata hivyo, una kipimo chake. Ukizidi, ngozi inayozunguka kidonda inakuwa nyeupe na laini kama vidole vilivyokaa sana majini, nayo inaanza kumeguka. Tunachotafuta ni unyevu kama wa ndani ya shavu. Kidonda kisiwe kikavu, na kisiogelee.

Kuna hali moja ambapo ukavu ndio tunaoutaka. Kidole kilichokufa na kuwa cheusi, kikakauka kama kijiti kwa sababu damu haifiki, hakipakwi jeli na hakilowekwi. Kikilowa, vijidudu vinapata mlango na uozo mkavu unageuka kuwa uozo wa majimaji, ambao ni dharura. Kiache kikavu, kifunike kwa kitu safi, na umwone daktari wa mishipa ya damu.

Zipo za aina gani, na kila moja inafaa wapi?

Majina ya madukani ni mengi, lakini ukisoma nyuma ya pakiti utakuta familia chache tu.

Bandeji za sponji, zinazotengenezwa kwa poliyurethani, ndizo ninazozitumia zaidi. Zinanyonya kiasi cha wastani hadi kingi, zinakaa vizuri kisiginoni na kwenye unyayo, na nyingi zina safu ya silikoni inayobanduka bila kuumiza ngozi. Ulaini wake usikudanganye ukadhani unaondoa shinikizo la kutembea. Hauondoi.

Alginati hutokana na mwani wa kahawia wa baharini. Ukiishika ikiwa kavu ni kama pamba nyeupe iliyochambuliwa. Ukiiweka kwenye kidonda chenye majimaji mengi, kalsiamu iliyomo inabadilishana na sodiamu ya majimaji na nyuzi zinageuka kuwa jeli laini. Inaweza kubeba majimaji ya uzito wa mara 15 hadi 20 ya uzito wake. Inafaa kujazwa, kwa ulegevu, ndani ya kidonda chenye shimo. Kwenye kidonda kikavu haina kazi: inabaki nyuzi kavu zilizonasa. Binamu yake ni bandeji ya nyuzi za selulosi, ambayo nayo hugeuka jeli lakini hufungia majimaji ndani bila kuyasambaza pembeni.

Hidrojeli ni kinyume chake. Sehemu kubwa ni maji, na kazi yake ni kulainisha nyama kavu iliyokufa ili iachie. Usiipake kwenye kidonda ambacho tayari kinavuja.

Hidrokoloidi ni ile ya rangi ya ngozi inayojibandika yenyewe na kuziba kabisa. Ukiifungua unakuta ute wa manjano wenye harufu, na wengi hushtuka wakidhani ni usaha, kumbe ni bandeji yenyewe iliyoyeyuka. Kwa mguu wa kisukari mimi huikwepa, hasa chini ya unyayo, kwa sababu inafunika siku nyingi mahali ambapo maambukizi yanaweza kuanza kimya kimya. Ile karatasi nyembamba inayoonyesha ndani hainyonyi kitu. Inafaa kushikilia bandeji nyingine au kulinda mchubuko.

Ipi ni bora kuliko zote?

Hakuna. Swali linalosaidia ni hili: leo kidonda kina majimaji kiasi gani, kina kina gani, nyama yake ina rangi gani, na kiko wapi mguuni? Kidonda kile kile kinaweza kuhitaji alginati wiki hii na baada ya wiki 3 kikahitaji bandeji ya kawaida isiyoshika.

Kundi la kimataifa la wataalamu wa mguu wa kisukari, IWGDF, lilitoa upya mwongozo wake mwaka 2023, nao hauzungukizunguki. Bandeji ichaguliwe kwa kuangalia namna inavyodhibiti majimaji, faraja ya mgonjwa na gharama. Mwongozo huo unasema bandeji za alginati na za kolajeni (protini inayojenga ngozi) zisitumiwe kwa kutegemea kwamba zenyewe zitaharakisha kupona. Alginati basi ni chombo cha kunyonya, na hapo inafanya kazi yake vizuri. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona familia zikijinyima ili kununua bandeji ya bei kubwa, wakati mgonjwa bado anavaa kiatu kile kile kilichomjeruhi. Inaniuma kila nikiona.

Moja imepata nafasi ya pekee: bandeji yenye sukrosi oktasalfeti. Jina lina sukari lakini haipandishi sukari ya damu. Hutuliza vimeng'enya vinavyokula nyama changa kwenye vidonda sugu. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 240 katika hospitali 43 za Ufaransa, Hispania, Italia, Ujerumani na Uingereza, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Baada ya wiki 20, vidonda vilivyofunga kabisa vilikuwa asilimia 48 kwa walioitumia, na asilimia 30 kwa waliotumia bandeji ya kufanana isiyo na dawa hiyo. Wote walipata matunzo mengine yale yale. Lakini iangalie hali yenyewe: ni vidonda visivyo na maambukizi, vyenye ganzi pamoja na upungufu wa damu, na mwongozo unasema ifikiriwe pale tu ambapo matunzo bora, pamoja na kuondoa shinikizo, yameshindwa kuleta mabadiliko ya kutosha kwa angalau wiki 2.

Vipi zenye madini ya fedha, iodini au asali? Zinaua vijidudu, au siyo?

Zinaua, ndiyo. Ila kuua vijidudu juu ya kidonda na kufanya kidonda kifunge ni mambo mawili tofauti. Mwongozo huo wa 2023 unasema bandeji za kuua vijidudu zisitumiwe kwa lengo la kuponya vidonda hivi, na asali vivyo hivyo. Kidonda kilichoambukizwa hadi ndani kinahitaji dawa za antibayotiki za kumeza au sindano, na mara nyingine kisu cha daktari wa upasuaji. Fedha iliyoko kwenye bandeji haifiki huko.

Ukiandikiwa bandeji ya iodini, mwambie daktari kama una ugonjwa wa tezi la shingo, maana iodini huingia mwilini kupitia kidonda. Na asali ya jikoni usiimimine kidondani. Ile ya hospitali imesafishwa kwa mionzi ili kuua mbegu za vijidudu. Ya jikoni haijapitia hatua hiyo.

Kidonda kisafishwe vipi kabla ya kufungwa?

Kwa maji ya chumvi ya hospitali au maji safi na salama, kwa upole, kisha ngozi ya pembeni ikaushwe kwa kuigusagusa. Spiriti na haidrojeni peroksaidi viache. Vinatoa povu na kuwasha, mtu anaona kazi inafanyika, kumbe vinaua pia seli zinazojenga. Usiloweke mguu kwenye beseni. Kuloweka kunalainisha ngozi, na mwenye ganzi anaweza kuunguzwa na maji ya moto asijue.

Kuna usafishaji mwingine unaofanywa na mtaalamu tu: kukata nyama iliyokufa na sugu, yaani ngozi ngumu iliyorundikana kuzunguka kidonda. Mara nyingi mgonjwa anakuja akionyesha kidonda cha ukubwa wa punje ya mchele katikati ya sugu ngumu ya manjano. Ninainyoa sugu taratibu kwa wembe wa upasuaji, tabaka kwa tabaka, na chini yake panafunguka shimo pana kama sarafu, lenye damu iliyovilia. Mgonjwa anadhani mimi ndiye niliyekikuza. Hapana, kilikuwa hivyo tangu alipoingia mlangoni, sugu ndiyo iliyokificha. Bandeji yoyote iliyowekwa juu ya sugu ile ingekuwa inafunika paa la nyumba inayoungua. Kabla ya kukata hivyo, mtaalamu huhakikisha kwanza kwamba damu inafika mguuni.

Anajuaje kama damu inafika?

Anapapasa mapigo juu ya mguu na nyuma ya kifundo. Kisha hupimwa presha ya kifundo cha mguu ikilinganishwa na ya mkono. Uwiano ulio chini ya 0.9 unaashiria mishipa iliyoziba. Kwa wenye kisukari kipimo hiki kinaweza kudanganya, kwa kuwa mishipa imekuwa migumu kama bomba na inatoa namba kubwa isiyo ya kweli. Hapo presha ya kidole gumba cha mguu inaaminika zaidi. Ikiwa chini ya milimita 30 za zebaki, kidonda kina nafasi ndogo sana ya kupona mpaka mshipa ufunguliwe. Ukiwa na kidonda na hujawahi kupimwa hivi, omba upimwe.

Nifunge bandeji nzuri, niendelee na shughuli zangu?

Hapa ndipo ningependa usome mara mbili. Kidonda cha chini ya unyayo kimesababishwa na shinikizo, na kila hatua inakifungua upya. Tiba yake kuu ni kuliondoa shinikizo hilo. Chaguo la kwanza kwa kidonda cha ganzi kilicho mbele au katikati ya unyayo ni kifaa kinachofika karibu na goti kisichovulika: plasta ngumu iliyofinyangwa kufuata mguu wote, au buti maalumu lililofungwa lisivuliwe.

Kwa nini kisichovulika? Mwaka 2003 ulichapishwa utafiti mdogo uliohesabu hatua za wagonjwa waliopewa buti la kuvulika. Ilionekana kwamba walilivaa katika asilimia 28 tu ya mwendo wao wa siku. Hawakuwa wakaidi. Mtu anaamka usiku kwenda msalani, anaona ni hatua chache, anaenda pekupeku. Na mguu usiouma haumkumbushi. Kama kifaa cha aina hiyo hakipatikani, zungumza na mtaalamu kuhusu kiatu maalumu, pedi nene iliyotobolewa mahali pa kidonda, magongo, au kiti cha magurudumu kwa muda. Na ikiwa kuna maambukizi au upungufu mkubwa wa damu, kifaa kisichovulika huenda kisifae. Huo ni uamuzi wa daktari.

Bandeji nene iliyosokotwa ndani ya kiatu kinachobana inaongeza shinikizo. Usirundike.

Ibadilishwe kila baada ya muda gani?

Inategemea majimaji. Kidonda kinachovuja sana huenda kikahitaji kila siku mwanzoni. Kilichotulia kinaweza kukaa siku 2 au 3, hata zaidi. Doa likifika ukingoni mwa bandeji, badilisha siku hiyo hiyo. Kila bandeji inapotoka, iangalie kabla ya kuitupa: rangi, harufu, wingi wa majimaji. Inakupa habari za kidonda kabla hujakisogelea.

Na ile mashine ya kunyonya, au ngozi ya maabara?

Mashine ya kunyonya huweka sponji ndani ya kidonda, ikafunikwa kwa plastiki na kuvutwa kwa nguvu ya kawaida ya milimita 125 za zebaki chini ya presha ya hewa. Inasaidia baada ya upasuaji, kwa mfano kidole kinapokuwa kimekatwa na kuacha uwazi mkubwa. Kwa kidonda cha kawaida ambacho hakijafanyiwa upasuaji, mwongozo wa 2023 hauishauri. Ngozi ya maabara na dawa za kukuza seli zipo, lakini mwongozo huo hauzipendekezi kama tiba ya kila siku.

Nitajuaje kama kinapona?

Kipime. Kila wiki chukua rula, pima urefu na upana, andika tarehe, na piga picha kwa umbali ule ule. Macho yanayokiona kila siku hayaaminiki. Utafiti wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba vidonda vilivyopungua kwa nusu au zaidi ndani ya wiki 4, asilimia 58 vilifunga kufikia wiki ya 12. Ambavyo havikufikia nusu, ni asilimia 9 tu. Kwa hiyo ukifika wiki ya 4 na kidonda kiko vile vile, usibadilishe bandeji peke yake. Uliza upya kila kitu: damu inafika? Mguu unapumzika kweli? Kuna mfupa ulioambukizwa chini? Sukari imekaaje?

Lini niache kusubiri na kwenda hospitali leo hii?

Wekundu unaotambaa kutoka kwenye kidonda, joto, uvimbe, usaha, harufu mbaya mpya, mguu ambao ulikuwa na ganzi ukaanza kuuma, ngozi kugeuka nyeusi au ya samawati, mfupa kuonekana, homa au kutetemeka. Hata sukari kupanda ghafla bila sababu ni dalili. Homa inaweza isiwepo kabisa wakati maambukizi yameshafika mbali, kwa hiyo usiisubiri. Nenda usiku ule ule. Mguu unaweza kuharibika kati ya jioni na asubuhi.

Kimefunga. Sasa nimemaliza?

Ngozi iliyofunga ni nyembamba, na sababu zilizoleta kidonda bado zipo. Karibu watu 40 katika kila 100 hupata kidonda kingine ndani ya mwaka 1. Kwa hiyo viatu vilivyopimwa viendelee, sugu inyolewe na mtaalamu kila inapoota, na miguu iangaliwe kila siku, katikati ya vidole na chini ya kisigino. Asiyeweza kuinama aweke kioo sakafuni na kuushikilia mguu juu yake, au amwombe wa nyumbani amwangalizie. Na kila asubuhi, kabla ya kuvaa, geuza kiatu, kikung'ute, kisha pitisha mkono ndani hadi mbele kabisa vidole vinapokaa. Mkono wako bado unasikia.